Kadi moja ya jimu kwa nchi nyingi: hesabu unalala wapi kabla hujalipa

#1 Fundi Winchi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa naishi Rotterdam. Kazi yangu ni kutengeneza winchi za bandarini, zile ndefu zinazoshusha makontena. Kampuni ikipata kazi tunapelekwa: wiki mbili Antwerpen, siku nne Le Havre, wiki tatu Valencia, halafu nyumbani. Huu ni mwaka wa saba wa maisha hayo. Miaka minne iliyopita kiuno kilinikamata nikiwa juu ya winchi, nikashindwa kuinama wala kunyooka, wenzangu wakanishusha kwa mkanda. Mtaalamu wa viungo alinipima akasema mgongo haujavunjika wala haujasagika, umedhoofu tu. Dawa yake ni chuma. Ninyanyue uzito mara mbili au tatu kwa wiki, na nisiruke wiki.

Hapo kwenye kutoruka wiki ndipo nilipoteseka. Mtu anayelala vitanda vinne tofauti kwa mwezi atapigia tizi wapi? Nilianza kwa kujiunga na jimu ndogo ya jirani hapa Rotterdam, mkataba wa mwaka mzima. Baadaye kazi za Ufaransa zilipozidi nikajiunga na nyingine ndogo kule Le Havre, mkataba wa mwaka vilevile. Mwisho wa mwaka nilikaa na daftari nikajumlisha: nimelipa miezi 24, nimeingia mlangoni mara 61. Na kiuno bado kinauma, maana nikiwa Valencia sikuwa na pa kwenda kabisa.

Nimeleta uzi huu kwa sababu kila mwezi naona humu mtu anauliza "kuna jimu ninayoweza kutumia nchi yoyote?" na majibu yanakuwa majina ya kampuni tu. Jina halitakusaidia kama hujajua aina ya kadi unayonunua. Nitaeleza nilivyoelewa mimi.

Fikirieni bando za simu. Kuna bando la mtandao mmoja na kuna bando la mitandao yote. Jimu za wasafiri nazo ndivyo zilivyo.

Bando la mtandao mmoja ni kampuni yenye matawi mengi yenye jina moja, ukilipia daraja fulani unaingia yote. Ninayotumia mimi ni Basic-Fit, kampuni ya Kiholanzi yenye makao yake Hoofddorp, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Ina matawi zaidi ya 1,500, na nchi zake za siku zote ni Uholanzi, Ubelgiji, Luxembourg, Ufaransa, Hispania na Ujerumani. Kwangu hiyo ni kama ramani ya kazi yangu imechorwa na mtu mmoja. Daraja la chini kabisa ni la tawi lako tu, la juu yake ndilo linafungua matawi mengine. Tofauti ya bei ni ndogo lakini wengi hubofya ile ya bei ya chini kwenye simu bila kusoma, halafu wanafika mji mwingine lango linawakataa.

Jambo la pili kuhusu bei: wanatoza kila wiki nne, si kila mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo unalipa mara 13. Tuseme bei imeandikwa yuro 30. Kichwani mwako unapiga mara 12, unapata 360. Ukweli ni 390. Si wizi, imeandikwa pale pale, ila jicho la Mswahili limezoea mshahara wa mwezi na kodi ya mwezi. Kila unapoona bei ya jimu Ulaya, tafuta kwanza kama ni ya mwezi au ya wiki nne.

Mtandao mwingine mkubwa ni Anytime Fitness, wenyewe ni Wamarekani wa Minnesota, walianza 2002, leo wana matawi zaidi ya 5,000. Wao wanakupa kifunguo kidogo cha kielektroniki, unafungua mlango saa yoyote, usiku wa manane au alfajiri. Mzunguko wako ukiwa Japani, Australia, Singapore na Ufilipino, huo ndio wa kuutazama kwanza. Ila kuna masharti mawili ambayo lazima myajue. Kifunguo kwa kawaida hakifungui matawi mengine mpaka zipite siku 30 tangu ujiunge. Na ukionekana unatumia tawi lingine mara nyingi kuliko lako, uanachama wako unaweza kuhamishiwa huko, kwa bei ya huko. Sababu yake ni kwamba kila tawi lina mmiliki wake aliyekodi jina. Mmiliki wa tawi lako ndiye anayepokea hela yako, wa tawi lingine ndiye anayechakaza mashine zake kwa ajili yako. Hawawezi kuendelea hivyo mwaka mzima.

Bando la mitandao yote ni kama ClassPass, iliyoanza New York 2013. Hii haina jimu hata moja ya kwake. Unanunua pointi kila mwezi, na unazitumia kwenye jimu za watu, studio za yoga, mabwawa ya kuogelea, masumbwi, kwenye nchi zipatazo 30. Wapo pia Urban Sports Club wa Berlin, na Wellhub, iliyoanzia Brazil 2012 kwa jina la Gympass na kubadili jina 2024. Wellhub hainunuliwi na mtu binafsi, ni mwajiri anayejiandikisha kisha wewe unachangia. Kama umeajiriwa na kampuni kubwa, kamuulize mtu wa rasilimali watu kabla hujatoa senti yako. Nina mwenzangu alilipa jimu miaka mitatu kumbe kazini kwao huduma ipo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Msichague kwa kuhesabu nchi. Tangazo linasema nchi 40, nchi 30, roho inapenda. Chukua kalenda ya miezi sita iliyopita, andika kila usiku umelala mji gani. Mimi nilipofanya hivyo nilipata usiku 182: Rotterdam 88, Antwerpen 37, Valencia 29, Le Havre 19, tisa zilizobaki miji mingine mbalimbali. Yaani miji minne imebeba usiku 173. Hapo nikaacha kutafuta kadi ya dunia, nikatafuta kadi yenye tawi ndani ya dakika 15 kwa miguu kutoka hoteli zile nne tunazofikia. Nilipoipata nikalipa. Tangu hapo sijaruka wiki isipokuwa nilipokuwa na homa, na kiuno kimetulia.

Karibuni tuongezeane maarifa, hasa mlio Ghuba, Marekani, na nyumbani.

#2 Binti Saadani

Kaka Fundi, shikamoo kwa daftari hilo. Umenikuta kalamu mkononi.

Mwezi wa tisa naenda Leuven, Ubelgiji, shahada ya uzamili, nimepata ufadhili. Dada mmoja alinishauri nichukue kadi ya nchi zote mkataba wa mwaka kwa kuwa "ukishafika Ulaya utazunguka tu". Nilitaka kusaini wiki hii nikiwa bado Bagamoyo ili nikifika iwe tayari. Nisubiri?

Halafu swali la pili, mimi navaa hijabu na sipendi kufanya mazoezi mbele ya wanaume. Hizo jimu kubwa zina sehemu ya wanawake?

#3 Kaptula Nyeupe

Wakuu mnajitafutia gharama. Hoteli ina sakafu. Pushapu 100, kuchuchumaa 100, ruka kamba, oga, lala. Askari jela wanafanya hivyo na vifua vyao mnaviona. Kadi ya nini?

#4 Fundi Winchi

Kaptula, sikatai, na kwa mtu mwenye afya pushapu ni mazoezi kamili ya kifua. Shida ni mgongo. Pushapu inasukuma. Mgongo unajengwa kwa kuvuta na kunyanyua kutoka chini. Hotelini utavuta nini, kitanda? Mimi nilianza na kilo 20, leo nanyanyua 110 kutoka sakafuni, na uzito huo siwezi kuubeba kwenye begi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 limeweka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na juu ya hizo mazoezi ya kujenga misuli walau siku mbili. Zile dakika nazipata kwa kutembea na kupanda ngazi za winchi. Siku mbili za misuli ndizo zinanipeleka jimu.

Dada Saadani, usisaini ukiwa Bagamoyo. Kwanza utaanza kulipa kabla hujafika. Pili hujui utapanga upande gani wa mji. Tatu, chuo chako kina kituo chake cha michezo, wenyewe wanakiita Sportkot, na wanafunzi wana kadi ya michezo kwa bei ya mwanafunzi. Ukisajiliwa tu, nenda ukaulize kadi hiyo inafungua nini, na chumba cha vyuma kimo ndani ya bei au ni nyongeza.

La hijabu nawaachia akina dada. Ninachojua, baadhi ya matawi ya mtandao ninaotumia yana kona ya wanawake peke yao, mengine hayana. Inaonyeshwa kwenye ukurasa wa kila tawi. Angalia tawi lako lenyewe, picha ya tangazo isikudanganye.

#5 Ummu Salim

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nimezaliwa hapa, mama yangu ni wa Wete.

Mwanangu Saadani, huku Ghuba hilo si tatizo, jimu za wanawake ziko mlango wao, saa zao, na wafanyakazi wao ni wanawake. Huko uendako, fanya hivi: nenda siku ya kwanza saa nne asubuhi katikati ya wiki, ukatazame tu. Saa za jioni ndizo zinazojaa. Mimi nilipokuwa London kwa matibabu ya mume wangu miezi mitatu, niliingia saa nne asubuhi, na siku nyingi tulikuwa wanawake watatu na bwana mmoja mzee kwenye baiskeli.

Nataka kuongeza juu ya maneno ya Fundi kuhusu jina. Jina kuwa moja hakuna maana ya mwenyewe kuwa mmoja. Chukulieni Fitness First. Ilianzia Bournemouth, Uingereza, 1993, ikaenea nchi nyingi. Baadaye ikagawanywa vipande: Uingereza ikapata mwenyewe wake, Australia wake, Ujerumani wake, Asia ya kusini-mashariki wake, na huku Mashariki ya Kati inaendeshwa na Landmark Group ya Dubai. Maandishi ya mlangoni yanafanana, wenyewe hawajuani. Kwa hivyo kabla hujalipa uliza swali moja tu, kwa maandishi: "Kadi hii inafungua matawi ya mji fulani, ndiyo au siyo?" Wakujibu kwa barua pepe, uiweke. Neno la mdomo la kijana wa mapokezi anayetafuta kamisheni si hati.

Na kwa Waislamu mnaosafiri mwezi wa Ramadhani, saa za jimu huku zinabadilika, nyingi zinafunguliwa usiku baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Ukija kikazi mwezi huo usipange mazoezi ya saa tisa alasiri, huenda ukakuta mlango umefungwa.

#6 Mtoto wa Likoni

Ndugu zangu, niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, huku ndiko hivyo vifunguo vya Fundi vilikozaliwa. Tawi lao la kwanza lilifunguliwa mji mdogo waitwa Cambridge, na wanajulikana kwa miji midogo kama hiyo, ambako jimu kubwa hazifiki. Hiyo nayo ni sifa kwa dereva wa lori au muuguzi wa mkataba anayepelekwa vijijini.

Mimi ni muuguzi wa mikataba, wiki 13 jimbo hili, wiki 13 jimbo lile. Natumia Planet Fitness, ile wanayoiita Black Card, yafungua matawi yao yote, na waruhusiwa kumwingiza mgeni. Zaidi ya matawi 2,000 Marekani, na wako Kanada, Meksiko na Panama pia. Kwa mtu anayezunguka Marekani yatosha. Ila anayetaka kunyanyua vyuma vizito sana kama Fundi, atazame kwanza tawi lina vifaa gani, maana matawi mengi yao yana ile mashine ambayo chuma kinapita kwenye reli, hayana chuma huru cha kunyanyua kutoka sakafuni. Kwa mgongo wake hiyo si sawasawa.

YMCA pia msiwasahau. Ni chama cha zamani, kilianza London 1844. Huku Marekani ukiwa mwanachama wa YMCA moja waweza kuingia nyingine nchini, kwa sharti kwamba angalau nusu ya ziara zako za mwezi zifanyike kwako. Wana mabwawa ya kuogelea, na mwenye familia hupata na masomo ya watoto.

Sasa langu la kuongeza ni hili: kila Disemba naenda Mombasa wiki sita. Kadi yangu haina kazi pale. Miaka ya mwanzo nililipa tu, hela zikakatwa nikiwa naogelea Shelly. Siku hizi naandika mapema kuomba uanachama usimamishwe kwa muda. Jimu nyingi zaruhusu, nyingine kwa ada ndogo, lakini ni lazima uombe kabla ya tarehe ya makato. Nikifika nyumbani nalipia jimu ya Nyali mwezi mmoja kwa M-Pesa, mambo kwisha. Hamna mkataba, hamna karatasi.

#7 Njia ya Tunduma

Nimesoma uzi wote nikiwa foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku ya tatu hapa.

Mimi ni dereva, Dar, Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Lubumbashi na kurudi. Sukari ilinipanda mwaka juzi, daktari wa Mbeya akaniambia nikiendelea kukaa kwenye kiti saa 12 kwa siku bila kutembea nitapoteza mguu. Sisi hatuna kadi ya kufungua milango nchi tatu. Tunachofanya ni kulipa kwa siku. Tunduma nina jimu yangu ya kulipa siku, Kapiri nina nyingine, Lubumbashi kuna kijana ana uwanja wa vyuma alivyotengeneza mwenyewe kwa mabati na saruji, ananitoza kidogo na ananijua kwa jina. Foleni kama hii natembea kutoka mwisho wa malori mpaka langoni na kurudi, mara tatu. Sukari imeshuka.

Nauliza kitu: Fundi, wewe uliyehesabu usiku, kwa mtu kama mimi kulipa kwa siku si ndiyo bora kuliko kadi?

#8 Fundi Winchi

Kaka, kwako ndiyo bora bila ubishi, na nafurahi umeandika maana wengi humu wako njia yako kuliko njia yangu. Hesabu yake iko hivi. Chukua ada ya kadi kwa mwezi, gawa kwa bei ya kuingia siku moja. Kama kadi ni yuro 30 na tiketi ya siku ni yuro 8, ukiingia mara tatu kwa mwezi siku ni nafuu, ukiingia mara nne na zaidi kadi ndiyo nafuu. Wewe huko nyumbani tiketi ya siku ni ndogo na huna mji unaokaa mwezi mzima, kwa nini ujifunge?

Hata kwangu zile usiku tisa za miji mingine nazimaliza kwa tiketi ya siku. Nikiwa Genova mwezi uliopita sikuhangaika kutafuta mtandao wangu, nililipa mlangoni.

Na huyo kijana wa Lubumbashi anayekujua kwa jina, ana kitu ambacho lango la kadi halina. Ukikosekana atauliza.

#9 Mawingu

Habari zenu. Mimi ni mhudumu wa ndege, kituo changu Dubai. Leo Singapore, keshokutwa Manchester, wiki ijayo Nairobi. Fundi alihesabu usiku akapata miji minne, mimi nilihesabu nikapata miji 31. Kwa hiyo kwangu ndiyo lile bando la mitandao yote linafaa, natumia pointi.

Faida yake ni moja kubwa: pointi nilizonunua Dubai nazitumia mji mwingine ambako huduma ipo, akaunti ileile, kadi ileile ya benki. Hasara zake ziko tatu, nimezilipia zote. Pointi za darasa moja hazifanani, saa za jioni zinapanda, asubuhi zinashuka, na mji ghali unakula pointi zaidi. Ukighairi umechelewa unatozwa, kwa kawaida mwisho wa kughairi ni saa 12 kabla ya darasa, na kazi ya ndege unajua yenyewe, safari inachelewa uko hewani huwezi hata kughairi. Na jimu mpya mara nyingi inataka ufike mapema usaini fomu ya afya na uonyeshe kitambulisho chenye picha.

Kwa hiyo siku ya kutua siweki miadi kabisa. Nalala, nikiamka ndipo nafungua programu naona kipi kipo ndani ya saa mbili zijazo. Na hoteli wanazotulaza zina chumba cha mazoezi, hicho ndicho nakitumia kwanza. Pointi nimepunguza mpaka kifurushi kidogo, nazibakiza kwa masumbwi na kuogelea, vitu ambavyo hoteli haina.

#10 Kaptula Nyeupe

Fundi, nimekuelewa kuhusu mgongo, nakuunga mkono. Mdogo wangu ana kazi ya ghala Lille, Ufaransa, nae kiuno kinamsumbua. Nimempa uzi huu. Anauliza: amejiunga jimu, sasa kazi inahamia Ujerumani, anatokaje kwenye mkataba? Na anaambiwa akaunti yake ya benki ya Ubelgiji haifai Ufaransa.

#11 Fundi Winchi

Hapa nitakaa kidogo, maana kuingia ni dakika tano na kutoka kunaweza kukuchukua miezi mitano.

Akaunti kwanza. Mimi Le Havre niliambiwa hivyohivyo kwenye jimu moja, akaunti yangu inaanza na NL, wakasema wanakubali FR tu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 260 ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inasema anayekata malipo kwa yuro hawezi kukuchagulia akaunti yako iwe ya nchi gani ndani ya SEPA, yaani mfumo wa malipo ya yuro kati ya benki za Ulaya. Niliwaandikia barua fupi ya adabu nikaitaja kanuni hiyo kwa namba, siku mbili wakakubali. Mdogo wako afanye hivyo.

Kutoka sasa. Ufaransa tangu tarehe 1 Juni 2023 kampuni inayouza mikataba kwa mtandao inapaswa kukuwekea njia ya kuvunja mkataba kwa mtandao huohuo, kwa hatua chache. Aitafute kwenye tovuti yao, huwa chini kabisa ya ukurasa. Ujerumani kitufe kama hicho ni cha lazima tangu tarehe 1 Julai 2022. Hapa Uholanzi tuna sheria inayoitwa Wet van Dam, ilianza Desemba 2011: muda wa kwanza wa mkataba ukiisha na mkataba ukajiendeleza, unaweza kuuvunja wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Lakini ndani ya muda wa kwanza umefungwa, ndiyo maana nasema mgeni asichukue mkataba wa mwaka siku ya kwanza hata kama wa mwezi kwa mwezi una bei juu kidogo. Ile tofauti ni bei ya uhuru wa kuhama.

Makato ya SEPA unaweza kuiambia benki yako iyarudishe ndani ya wiki nane bila kueleza sababu, na kama hukuyaidhinisha kabisa una miezi 13. Tahadhari: kurudisha makato hakuvunji mkataba. Kama bado una deni, watalipeleka kwa wakusanya madeni na gharama zao juu. Vunja mkataba kwanza kwa maandishi, upate uthibitisho, ndipo ukiona wanaendelea kukata utumie haki hiyo.

Na kwa wanaokuja kutembea tu kutoka nyumbani bila akaunti ya huku, msihangaike na uanachama. Tiketi ya siku mtandaoni kwa Visa, basi.

Vitu vya kubeba: kufuli yako mwenyewe, maana makabati mengi hayana, na taulo, kwenye mtandao wangu bila taulo unaweza kuambiwa utoke. Viatu vya ndani visafi. Begi langu la kazi lina mfuko wake wa vitu hivyo, hautoki humo.

#12 Ummu Salim

Mwanangu Njia ya Tunduma, umeshavuka hapo Kasumbalesa? Usiache kupima miguu kila usiku, utazame katikati ya vidole.

#13 Njia ya Tunduma

Nimevuka mama, jana jioni. Shukrani. Napima.

#14 Binti Saadani

Nimerudi na majibu, miezi mitatu imepita tangu niulize.

Niko Leuven. Sikusaini chochote nikiwa nyumbani. Nilipofika nilikwenda kuuliza kadi ya michezo ya chuo, nikaichukua siku hiyohiyo, na saa nne asubuhi siku za Jumanne na Alhamisi sina kipindi, kama Ummu Salim alivyosema chumba kinakuwa kitulivu. Tuko dada wanne tunaovaa hijabu, wawili kutoka Uganda na mmoja Mturuki, tunasimama kona moja.

Nimeanza daftari kama la kaka Fundi. Usiku 84 mpaka leo: Leuven 79, Brussels mbili, Paris tatu kwa shangazi. Paris nilitembea kwa miguu kutoka kwa shangazi mpaka mtoni na kurudi, sikutafuta jimu.

Kaka Fundi, nimefika kilo 35 kutoka sakafuni. Mwalimu wa pale ananiambia magoti yangu yanaingia ndani ninaponyanyua. Wewe ulirekebishaje?

#15 Fundi Winchi

Hongera sana dada. Punguza mpaka 25, simama mbele ya kioo, na unapoinuka fikiria unaipasua sakafu kwa nyayo zako kwenda nje, kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia. Wiki tatu hivyo, ndipo uongeze kilo mbili na nusu kila upande. Niko Antwerpen kuanzia Jumatatu kwa siku kumi. Nikikuta mtu wa kunishikia simu nitarekodi video fupi niiweke hapa.